Picha ya Visogo

Mwezi wa saba Masakta, kwetu wilayani Hanang, ni mwezi wa kukunja mabega. Upepo hushuka kutoka Mlima Hanang tangu alfajiri, vumbi huingia nyumbani bila hodi, na jua, hata likiwaka, halimvui mtu sweta kabla ya saa nne. Mwezi huo, mwaka nilipokuwa darasa la sita, tulipakiwa kwenye lori la kubebea ngano tukapelekwa Ziwa Basotu kutembea. Sakafuni mwa lori kulikuwa na punje zilizobaki. Tuliziokota, tukazitafuna mpaka zikageuka bazoka mdomoni, nyeupe, isiyo na utamu. Sufuria la makande lilikaa katikati yetu, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani, na kila lori liliporuka shimo tulilidaka wote kwa pamoja kama tunamshika mgonjwa.

Ninayo picha moja tu ya siku ile. Mpiga picha alitoka mjini Katesh na kamera yake shingoni, akatupanga ukingoni mwa ziwa. Ukiitazama picha utaona visogo. Watoto thelathini na kitu, sare zimefubaa, wengine wamejitanda shuka za nyumbani juu ya sare, na hakuna uso hata mmoja. Alipaza sauti tugeuke. Mwalimu akapuliza filimbi. Hatukugeuka. Tulikuwa tumeambiwa ziwa lile lina viboko, na mwenye akili hampi kiboko mgongo.

Siku hizi nikisoma maandishi ya watu wanaokumbuka siku zao za matembezi kando ya bahari, ya Waingereza na miji yao ya ufukweni, ya Wazanzibari na Forodhani yao, huwa naitoa picha ile kwenye bahasha. Kumbukumbu zao zimejaa nyuso: babu amelala na gazeti usoni, watoto wanacheka, mama anafungua kapu la chakula. Yangu imejaa visogo. Nimejiuliza kwa muda mrefu kama sisi wa Hanang tulikosea namna ya kutembea, au wao ndio waliosahau jambo fulani.

Tuanze na neno, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Mfasiri akikutana na "summer", msimu wa mapumziko wa Waingereza, huandika "kiangazi" au "majira ya joto" akaendelea na safari yake. Msomaji wa Masakta amekwisha kumpoteza. Shakespeare, katika soneti yake ya 18, anauliza kama amfananishe mpenzi wake na siku ya majira hayo. Mfananishe mchumba wa Hanang na siku ya mwezi wa saba, naye atataka kujua umekusudia vumbi au baridi. Pwani nako hesabu ni nyingine. Joto huja na kaskazi, Desemba hadi Machi, na hakuna anayelitungia sifa. Kinachosifiwa ni kipupwe, pale mtu anapoweza kutoka saa kumi jioni bila kulowa jasho kabla ya kufika kona. Oman ndiko mambo yanakopinduka kabisa. Kuanzia Juni mpaka Septemba, wakati Muscat inachoma kama tanuri, familia hupanga vyombo kwenye gari na kusafiri kiasi cha kilomita 1,000 kwenda Salalah ili wakakae kwenye ukungu na manyunyu ya khareef. Hutandika mkeka kwenye majani mabichi, wakamimina kahawa, wakalowa, wakafurahi. Tunaambiwa watu hufuata jua. Si kweli. Watu hufuata kile walichonyimwa mwaka mzima.

Lakini msimu peke yake haumpeleki mtu majini. Kuna kilichompeleka, na hapo Waingereza wanatufaa kwa sababu wao waliandika kila kitu. Karne tatu zilizopita Mwingereza wa kawaida hakuwa na hamu na bahari. Ilikuwa mahali pa wavuvi na maiti za mabaharia. Mwaka 1750 daktari mmoja, Richard Russell, alitoa kitabu kwa Kilatini juu ya maji ya bahari kama dawa ya uvimbe wa tezi. Aliagiza wagonjwa wayaoge na pia wayanywe. Matajiri wakaanza kumiminika Brighton, wakati huo kijiji cha wavuvi, wakiingizwa majini ndani ya vibanda vya magurudumu vilivyokokotwa na farasi, na wanawake wenye nguvu wakiwazamisha kwa mikono. Maarufu kuliko wote alikuwa Martha Gunn, aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi hadi uzeeni. Tafadhali mtazame vizuri mama huyo: amesimama maji yakimfika kiunoni, amemshika bibi wa kitajiri anayetetemeka, anamzamisha mara tatu kwa amri ya daktari. Mtu wa Bagamoyo angemwona angemwita mganga bila kusita.

Raha ilikuja baadaye, na ilikuja kwa treni. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846. Viwanda vya pamba vya Lancashire vilikuwa na wiki ambayo mji mzima ulifunga mashine kwa pamoja, na wafanyakazi wakahamia ufukweni mtaa kwa mtaa, kiasi kwamba jirani yako wa nyumbani alikuwa jirani yako wa chumba cha kupanga. Sheria ya mwaka 1871 ikawapa sikukuu za benki, moja ikiwa Agosti. Mnara wa Blackpool ukafunguliwa 1894. Sheria ya 1938 ikafungua njia ya likizo yenye malipo kwa wafanyakazi. Kwa hiyo Mwingereza anapolikumbuka benchi la bustani ya ufukweni kwa machozi, anakumbuka pia kitu ambacho babu yake alikipata kwa tiketi na kwa sheria. Hilo nawaonea wivu, tena si mdogo. Siku ya mapumziko iliyoandikwa kwenye sheria haisubiri mvua wala tajiri.

Ila bahari yenyewe waliiacha wapi? Kuna kitabu cha picha cha Martin Parr, kilichotoka mwaka 1986, picha alizopiga New Brighton karibu na Liverpool. Nimekipitia mara nyingi nikiwa na picha yangu ya visogo pembeni. Humo watu wamejaa: wanakula chipsi, wananyonyesha, wamejilaza juu ya sakafu ya saruji, takataka zimewazunguka, watoto wametapakaa aiskrimu mpaka kwenye viwiko. Wengine walimlaumu Parr kwamba anawacheka maskini. Mimi lawama hiyo siioni. Ninachokiona ni kwamba karibu hakuna anayeitazama bahari. Wamesafiri kuifuata, wamefika, wameipa mgongo. Maji yamekuwa pazia la nyuma, kama lile la studio ya mpiga picha.

Tugeukie kwetu pwani. Mama yangu ni mzaliwa wa Bagamoyo, na baba, mwalimu wa kuhamishwahamishwa, ndiye aliyempeleka Masakta. Jioni za mwezi wa saba mama alikuwa akijifunga kanga mbili na kitenge juu yake, anatoka nje, anasimama upenuni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ninapunga upepo, mwanangu."

"Upepo wote huu?"

"Huu wenu si upepo," anasema, meno yanagongana. "Huu ni adhabu."

Neno alilotumia ndilo ufunguo wa jambo zima, na nimechelewa mno kuliona. Kupunga upepo ni kutoka ukaburudike. Kupunga pepo ni kumtibu aliyepagawa, kwa ngoma, ubani na mganga. Kitenzi ni kimoja, na upepo na pepo ni ndugu wa toka nitoke. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapwa Ujerumani mwaka 1903 wakati yeye mwenyewe akifundisha Kiswahili Berlin, ameeleza kwa kirefu namna pepo wanavyopungwa. Nikisoma kurasa hizo sikosi kumwazia mtu huyo wa mrima akiwa kwenye baridi ya Berlin, ambako hapakuwa na upepo wa kupunga wala, nadhani, pepo wa kumwelewa lugha.

Na watu wa pwani hasa walikuwa na siku yao moja ya kwenda majini. Mwaka wa jua wa Waswahili, wenye siku 365, ulihesabiwa kwa miongo, makumi thelathini na sita na siku tano za ziada, na ulipokatika watu wa mrima, wa Mombasa na wa visiwani waliamka alfajiri ya Nairuzi, siku ya kwanza ya mwaka mpya, wakaenda kuoga baharini. Hawakwenda kustarehe. Walikwenda kuuvua mwaka. Mombasa walimzungusha ng'ombe mji kabla ya kumchinja, ili balaa lisipate pa kuingilia. Makunduchi, Unguja, jina lenyewe la sherehe limehifadhi kazi hiyo: Mwaka Kogwa, mwaka unaogwa. Kila Julai wanaume wa pande mbili za mji hupambana kwa vikonyo vya migomba, kila mmoja akimtolea mwenzake kinyongo cha mwaka mzima, kisha kibanda cha makuti kinachomwa moto na mzee aliyekuwa ndani anatoka mbio. Baada ya hapo ndipo raha inapoanza. Wanawake wamevaa walichokuwa wakikificha sandukuni, nyimbo hazina adabu nyingi, vyakula havina mwenyewe, na ni mwiko nyumba kukosa mgeni. Watu hufika hadi ufukweni. Starehe ile imelipiwa asubuhi kwa vikonyo vya migomba.

Sasa Forodhani, bustani ya ufukweni ya Wazanzibari. Jina linatukumbusha kwamba hapakuwa bustani. Palikuwa forodha, mahali mizigo iliposhushwa na ushuru ukatozwa. Bustani ilipewa jina la Jubilii mwaka 1936, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza miaka 25 ya utawala, na ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009. Mwisho wa jioni, jua likiwa linazama upande wa bara, vijana hujirusha majini kutoka ukutani, mmoja anakimbia hatua sita, anajikunja hewani, anaingia kichwa mbele, na kabla hajaibuka mwenziwe amekwisha ruka. Hao ndio wa mwisho kuijali bahari. Taa zikiwashwa, umati wote unageuka. Macho yanakwenda kwenye jiko la mishkaki, kwenye mashine ya miwa ikikamua na tangawizi na ndimu, kwenye kinyunya kinachotandazwa mpaka kikawa kama karatasi, kikawekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kikakunjwa pembe nne. Nyuma yao bahari imekuwa giza tupu. Mzanzibari wa makamo atakwambia kwamba Forodhani ya zamani ilikuwa nzuri zaidi, na ukimchimba utakuta anachokililia ni bei. Hata hivyo namwamini kuliko Mwingereza anayelilia jua la utotoni, kwa sababu bei angalau inaweza kuthibitishwa.

Mombasa, kwenye bustani ya Mama Ngina, ndiko pekee nilikowaona watu wamekaa wakiyatazama maji kweli. Chini ya mibuyu, kachiri mkononi, pilipili kwenye kikaratasi, macho kwenye mlango wa bandari. Lakini wanatazama meli. Meli ikishapita wanarudi kwenye simu.

Sasa nyumbani. Sitadai kwamba Masakta ina bustani ya ufukweni. Wilaya yetu ina mlima wa mita 3,417 mgongoni, ina Ziwa Balangida lenye magadi chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambalo miaka ya ukame hukauka likabaki jeupe, na ina Basotu, ziwa la maji baridi lililokaa kwenye shimo la volkano. Wafugaji wa Kibarbaig na wa Kiiraqw huifuata chumvi ya Balangida kwa ajili ya mifugo. Hiyo ni safari ya maji, na vijana huifurahia, lakini ni kazi.

Kuhusu raha, mafundisho ya Wairaqw yananyooka. Juu yuko Lo'a, jua, ambaye kwao ni mama na ni mwema. Chini, kwenye chemchemi na mito, wako neetlangw, na hao hawana mzaha. Maradhi na mikosi hutoka kwao. Bibi yake rafiki yangu, jirani yetu, hakuturuhusu hata kukaa kwenye kijito baada ya kuchota. "Chota, toka," alikuwa akisema. "Maji hayapigiwi soga." Raha ya watu hawa iko kwenye mkutano wa nchi kavu: pombe, kivuli, na mzee anayetoa slufay, ile sala ndefu ya kishairi ambayo umati huiitikia sentensi kwa sentensi, ikiomba mvua, afya na mifugo. Na ukitaka kumjua Mbarbaig akiwa kwenye siku yake kubwa, nenda kwenye bung'eda, kaburi la mzee aliyeheshimiwa linalojengwa kuwa kilima kwa miezi hadi tisa, na siku ya kukamilika umati hukusanyika kwa pombe ya asali na nyimbo. Wanakitazama kilima. Aliyelala pale ndiye ufukwe wao.

Na hapa lazima nirudi kwenye lori letu. Ngano ya Hanang ilianza kupanuka kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, na mashamba ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, yakafika zaidi ya ekari 100,000 kwenye malisho ya Wabarbaig. Charles Lane, katika kitabu chake cha mwaka 1996, ameandika jinsi njia za mifugo zilivyozibwa na makaburi kulimwa. Zile punje tulizotafuna tukicheka zilitoka kwenye nchi ya namna hiyo. Mtoto wa darasa la sita hakujua, na sitamlaumu. Mwandishi mzima anayezikumbuka kwa utamu bila kulitaja hilo, huyo alaumiwe.

Mtu ataniambia: basi pwani wamestaarabika, wameishinda hofu ya maji, na watu wa Hanang bado. Nilikuwa na wazo hilo mpaka tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilipoukatua Mlima Hanang na tope likateremka na magogo na mawe likakifunika kijiji cha Gendabi na sehemu za Katesh. Walikufa zaidi ya watu 80. Wazee waliokuwa wakisema maji hayapigiwi soga hawakuhitaji kuelezwa na mtu wa hali ya hewa. Nikiwatazama Waingereza, naona hofu ikaagiziwa dawa, dawa ikageuka tiketi, tiketi ikageuka kumbukumbu, na mwisho wa mnyororo kuna babu amelala na gazeti usoni, hajui kwamba Martha Gunn alipata kuwepo. Pwani yetu wako katikati ya njia: Makunduchi bado wanalipa asubuhi, Forodhani wameacha kulipa, na lugha peke yake ndiyo inayokumbuka kwamba kupunga ni kazi ya mganga. Hanang hawajaanza safari hiyo, wala sioni sababu ya kuwaharakisha.

Ikitokea siku Halmashauri ikataka kuweka mabenchi Basotu, nawaomba wayaelekeze ziwani, na wamwite mzee mmoja kabla ya fundi.

Siku ile tulikula makande tukiwa tumesimama, sahani kiganjani, macho mbele. Mwalimu alikuwa amechora mstari kwa fimbo kwenye tope, hatua kumi kutoka majini, na hakuna aliyeuvuka. Wavuvi wawili walipita na mtumbwi, wakatucheka. Kiboko aliibuka saa tisa alasiri, mara moja tu, masikio na matundu ya pua, kisha akazama. Tulimwona wote. Mpiga picha peke yake hakumwona.